Ndege iliyoshindwa na joto la pwani

Ukungu umeshuka Amani, umeme umekatika, na mtoto anauliza: "Baba, vita vya Wajerumani vilifika huku kwetu?" Mzazi, kabla hujampa simu achezee, mpe kisa hiki.

Julai 28, 1914, huko Uingereza, rubani Arthur Longmore alidondosha topido kutoka kwenye ndege ya Short inayotua majini. Topido ni kombora linalokwenda chini ya maji kutoboa meli. Lile lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 350, na ndege ilijikongoja kulinyanyua.

Mwaka uliofuata, ndege tatu za aina hiyo zililetwa Mafia kuisaka Königsberg, meli ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Wenyeji waliiita Manowari na bomba tatu. Ndiyo iliyozamisha meli ya Waingereza, Pegasus, Unguja, Septemba 20, 1914.

Hapo ndipo joto letu lilipofanya kazi. Hewa ya joto ni nyepesi, hivyo mabawa hukosa nguvu ya kuegemea na injini hudhoofika. Topido likawa halibebeki. Ndege zile zilitumika kuchungulia na kupiga picha. Julai 11, 1915, ndege za kutua nchi kavu ziliongoza mizinga ya meli Severn na Mersey, na Wajerumani wakailipua Königsberg wenyewe. Mwezi mmoja baadaye, Agosti 12, Charles Edmonds akiwa na Short 184 aliipiga meli kwa topido huko Uturuki.

Mtoto atauliza, "Na Amani?" Mwambie kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapa mwaka 1902 kilitengeneza kwinini ya askari wa Kijerumani, kwa kuwa manowari za Waingereza zilifunga njia ya baharini.

Usiishie hapo. Mizinga ya Königsberg iliopolewa ikapigana nchi kavu, ikikokotwa kwa mikono ya Waafrika. Wapagazi wa vita hivyo, wa pande zote mbili, walikufa kwa makumi elfu, wengi kwa maradhi na njaa. Majina ya marubani yameandikwa. Ya wapagazi wengi hayapo popote.

Bibi na babu zetu hawakuviona vita hivyo, lakini baadhi yao walilelewa na walioviona. Jumapili hii mpeleke mtoto akawaulize, na mkirudi nyumbani aliandike kwenye daftari jina lolote watakalomtajia.