Fahamu: Mbwa mzee mwenye saratani, apasuliwe au aachwe?
Mbwa jike aliyezeeka akiota uvimbe kwenye matiti, wengi husema mwacheni, ni uzee huo. Lakini uzee si ugonjwa. Kinachopaswa kuamua ni aina ya uvimbe na umefika wapi. Takriban nusu ya uvimbe wa matiti kwa mbwa si saratani, na hakuna jicho, hata la daktari wa mifugo, linaloweza kutofautisha kwa uhakika. Ndiyo maana nyama iliyokatwa hupelekwa maabara, na kifua hupigwa eksirei kutazama kama umefika mapafuni. Saratani ya matiti ikikutwa ingali chini ya sentimita 3 na ikaondolewa yote, matumaini ya kupona ni makubwa.

Watasema dawa ya usingizi itamuua. Hatari ipo, ila hukua zaidi moyo, figo au ini likiwa limechoka, na hayo hupimwa kabla ya kisu. Pingamizi zito ni la wengu: saratani ya mishipa ya damu ikishapasuka humo, upasuaji peke yake kwa kawaida huongeza miezi michache tu. Hapo sindano ya mwisho si ukatili, hata kwa mbwa wa miaka 6.