Tisa kwa Kumi Haitoshi kwa Surua

Msomaji mmoja ameuliza: ikiwa watoto tisa kati ya kumi mtaani kwao wamechanjwa, surua imepenya wapi? Mambo ya kirusi ni nini nayaruka, tuliyasoma shuleni. Jibu limo katika namba moja: mgonjwa mmoja, akiwa kati ya watu wasio na kinga hata kidogo, huambukiza wangapi? Kwa ndui walikuwa kama watano. Kwa surua ni 12 hadi 18, kwa sababu virusi vyake huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani.

Chukua kijiji cha nyumba za makuti. Paa moja likishika moto, cheche huangukia mapaa 15. Yatawaka yote 15, kisha 225, na jioni hakuna kijiji. Sasa anza kuezeka mabati. Ukifika nusu, bado yanawaka saba au manane. Moto huishiwa nguvu pale tu ambapo kati ya mapaa 15 yanayoangukiwa na cheche, 14 ni ya bati: linawaka moja, nalo linawasha moja, na manyunyu tu yatosha kuuzima. Kumi na nne kwa 15 ni asilimia 93. Kwa ndui, wanne kwa watano, yaani asilimia 80. Utamu wa hesabu hii ni kwamba hata makuti yaliyobaki husalimika, maana moto hauyafikii. Hiyo ndiyo kinga ya jamii, inayomlinda hata mtoto wa miezi minne ambaye umri wake wa kuchanjwa haujafika.

Ila bati nalo hutoboka. Dozi ya kwanza ya chanjo, ya miezi tisa, huwakinga watoto kama 85 kwa kila 100. Basi tisa kwa kumi waliochanjwa mara moja ni sawa na 76 tu kwa 100 wenye kinga, na kila mgonjwa bado anaambukiza watatu na ushee. Dozi ya pili huipandisha kinga hadi kama 97. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka asilimia 95 ya watoto wapate zote mbili. Tena mapaa yawe yamechanganyika; makuti yakirundikana mtaa mmoja, mtaa huo utateketea.

Samoa, nchi ya watu kama 200,000, iliacha uchanjaji ushuke. Mlipuko wa surua ulioanza mwaka 2019 uliua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Desemba mwaka huo serikali ilifunga ofisi zake kwa siku mbili, ikaagiza kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu, nao wachanjaji wakapita mlango kwa mlango.

Tanzania na Kenya dozi hizo hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18. Wazazi wengi huikumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Toa kadi ya kliniki uitazame leo.