Ndoa na Sheria (2): Siku 21 za Kusubiri

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mahari, tukaona kuwa ndoa haiwi batili eti kwa sababu mahari haijalipwa. Leo tuingie ofisini.

Kijana wa hapa Liuli anayejiandaa kuoa aliniuliza leseni ya ndoa inakatwa wapi. Nilimjibu kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimtaki kila bwana harusi awe na leseni. Leseni ni ya kiongozi wa dini anayefungisha. Iko pia leseni maalumu ya Msajili Mkuu, kwa wenye sababu ya kutosubiri. Wachumba wanachodaiwa ni taarifa, angalau siku 21 kabla ya kufunga ndoa: majina yao, umri, makazi, wazazi, kama mmoja wao amewahi kuoa au kuolewa, na kama ndoa itakuwa ya mke mmoja au ya wake wengi.

Taarifa hiyo hutangazwa. Waanglikana wa ufukweni hapa hawaoni jipya, maana wamezoea kusikia wachumba wakitangazwa kanisani Jumapili tatu. Anayetaka ndoa ya bomani alikuwa akipanda milima hadi Mbinga. Tangu Wilaya ya Nyasa ianzishwe mwaka 2012, boma ni Mbamba Bay. Ulizia kwanza viambatisho kabla hujalipa nauli ya pikipiki.

Kwenye umri pana mgogoro. Sheria iliandika miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa msichana, mzazi akiridhia. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2016 ilitamka kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa.

Turudi kwenye taarifa: kwa nini itangazwe? Ili mwenye neno aliseme mapema. Hapa mke mkubwa ana nguvu ambayo wengi hawaijui. Mume aliyemwoa kwa ndoa ya wake wengi akipeleka taarifa ya kuongeza mke, mke huyo anaweza kuweka pingamizi: kwamba kipato cha mume ni kidogo, na mke mwingine atawaletea dhiki yeye na watoto, au kwamba mwanamke anayeletwa ana sifa mbaya inayojulikana, ana maradhi ya kuambukiza, au ataleta ugomvi mkubwa nyumbani. Mume ambaye mapato yake yote ni mtumbwi mmoja na wavu uliochakaa ajiandae kujieleza.

Aliyefunga ndoa ya Kikristo hafiki hata huko. Maadamu ndoa hiyo ipo, ya pili ni batili, hata ikifungwa kimila kijiji cha mbali na ngoma zikalia hadi alfajiri.