Punda wa Mashindano Naye Ana Haki Yake

Kila ufikapo Mfungo Sita, wageni humiminika Lamu kuhudhuria Maulidi katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh. Pamoja na ibada huwapo michezo, na upendwao sana ni mbio za punda kando ya bahari. Vijana hupanda bila tandiko, na mshindi hushangiliwa mji mzima.

Nami naupenda mchezo huo. Lakini mwaka mmoja nilisimama penye kikomo cha mbio, na niliyoyaona yalinitia haya. Kijana mmoja alikuja akimchapa punda wake fimbo juu ya kidonda cha mgongoni, na watu wakimpigia vigelegele. Aliposhuka, mnyama alikuwa akivuja damu.

Mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu, huyu kesho atakubebea mawe. Leo wamlipa nini?"

"Babu, asipopigwa hendi," kijana akajibu.

Sivyo. Punda akiingiwa na hofu, mara nyingi husimama kuliko kukimbia, ndipo watu wakamwita mkaidi. Fimbo humzidishia hofu hiyo hiyo.

Tena sisi hatuna udhuru. Mtume (S.A.W.) alipomwona ngamia aliyekonda, tumbo limegandamana na mgongo, aliwaonya watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Akakataza pia mnyama kupigwa usoni. Na yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake. Ikiwa mbwa, ambaye twajikinga na najisi yake, ana haki hiyo, sembuse punda anayetubebea mizigo vichochoroni? Hata sheria ya Kenya, Sura ya 360, yakataza kumpiga mnyama kikatili.

Dawa ipo. Mwaka 1987 shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kituo Lamu, punda wakatibiwa bila malipo. Shirika hilo pia liliwatunuku wenye punda waliotunzwa vyema. Kumbe mtu aweza kushindana kwa huruma!

Basi nawaomba waandalizi: kabla ya mbio, migongo ikaguliwe. Punda mwenye kidonda asishiriki, na fimbo ziachwe nyumbani. Mchezo hautapungua utamu.

Twakusanyika kwa ajili ya kumpenda Mtume. Je, itakuwaje tumsifu msikitini, kisha tuvunje wasia wake pwani, mbele ya watoto wetu?