Fahamu: Mauaji ya kimbari ni nini?

Neno hili tunalisikia kila mara kwenye taarifa ya habari, na wengi hulitumia kwa mauaji yoyote makubwa. Sivyo. Mbari ni ukoo, na hapo Kiswahili kimelenga shabaha: kinachopimwa si wingi wa maiti bali nia ya kuliangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Ndivyo usemavyo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1948. Hata kulizuia kundi lisizae, au kulinyang'anya watoto na kuwapa kundi lingine, kumo.

Mahakama ya kimataifa ilimtia mtu hatiani kwa kosa hili mara ya kwanza hapa Arusha, Septemba 2, 1998: Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, Rwanda. Majaji walihesabu na ubakaji kuwa njia ya kutenda kosa hilo.