Kuizunguka Ngazija kwa siku moja: mawe meusi, bangwe na hesabu za kale

Msomaji wa Kiswahili anapolisikia jina la Ngazija, mara nyingi huwafikiria kwanza Wangazija wa Unguja, wale walimu wa dini na makadhi ambao historia ya visiwa vya karafuu haiwezi kuandikwa bila ya kuwataja. Mmoja wa mashuhuri wao, Ahmad bin Sumayt, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, akafia Unguja mwaka 1925. Kisiwa chenyewe hakijulikani sana, hasa katika Afrika ya kati. Na hali ndicho kikubwa kupita vyote katika Muungano wa Komoro, kimekaa mlangoni mwa mlango-bahari wa Msumbiji upande wa kaskazini, na juu yake umeinama mlima wa moto uitwao Karthala, wenye urefu wa mita 2,361. Barabara ya pwani yaweza kuzungukwa kwa siku moja tu, mradi safari ianze alfajiri. Makala haya yanaifuata barabara hiyo, yakisimama pale ambapo mwanafunzi wa lugha na utamaduni ana jambo la kutazama.

Safari huanza Moroni, mbele ya bandari ndogo ambamo madau hulala juu ya matope maji yanapokupwa. Msikiti wa kale wa Ijumaa wa mtaa wa Badjanani, mweupe, wenye safu za matao, unaielekea bandari hiyo. Kwa mapokeo ya wenyeji ulijengwa mwaka 1427, na mnara wake uliongezwa baadaye sana. Jina la mji limewashughulisha wengi. Katika Kikomoro, neno la mto ni mro, kwa hiyo Moroni hufasiriwa kuwa ni «mtoni». Wengine hulifasiri kuwa ni «penye moto». Tafsiri ya kwanza ina ugumu wake, kwa kuwa Ngazija haina hata mto mmoja utiririkao mwaka mzima. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini mawe ya lava ni kama chujio: maji huzama mara moja yakapotea chini. Ndiyo maana karibu na nyumba nyingi, na karibu na misikiti, mgeni huona birika kubwa la kukingia mvua. Jambo hilo la maji litarudi mbele katika mazungumzo haya.

Kabla ya kuondoka mjini, inafaa kupita katika soko la Volo-volo na kutega sikio. Mamlaka zote za lugha zimo humo: Kifaransa cha ofisini, Kiarabu cha madrasa, na juu ya vyote Kingazija, ambacho wenyewe hukiita Shingazidja. Salamu haimtatizi Mswahili: bariza, naye mwenzake hujibu ndjema. Kijana humwamkia mkubwa kwa neno kwezi, akajibiwa mbona. Lakini mgeni akisikia marahaba, asidhani kwamba ameamkiwa au kwamba mtu anaitikia shikamoo: marahaba huko ni asante. Huo ndio mtego wa kwanza wa lugha zilizo ndugu.

Wachuuzi wanapohesabu samaki au machungwa, mambo huanza kunoga. Hesabu yao husema montsi, mbili, ndraru, nne, ntsanu. Hapo mwanaisimu hutambua upesi kwamba t ya Kiswahili imelingana na r ya Kikomoro: mto ni mro, mti ni mri, tatu ni ndraru. Lakini saba ni mfukare, na tisa ni shenda. Kiswahili sanifu kilikwisha kuyaacha maneno yake ya Kibantu kwa tarakimu hizo, kikachukua ya Kiarabu. Hata hivyo hayakupotea kabisa. Fungate, yaani siku zile saba za maarusi baada ya harusi, ni masalio ya neno la kale la saba, ndugu wa mfukare. Na shenda ni kenda, kwa kuwa k ya Kiswahili mbele ya irabu kama hizo hugeuka sh kule visiwani, vilevile kama Kiswahili ki- ilivyo shi- katika jina la lugha yao. Msomaji wa Lubumbashi au wa Bukavu ana faida hapa juu ya msomaji wa Dar es Salaam: yeye bado husema munane na kenda nyumbani kwake, pengine huku mwalimu wake akimsahihisha kuwa ni nane na tisa. Asione haya. Kwa neno hilo moja, Kiswahili cha Kongo na Kingazija vimeshika kitu ambacho Kiswahili sanifu kimekitupa.

Je, basi, Kingazija ni lahaja ya Kiswahili? Padri Charles Sacleux, katika sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ya mwaka 1909, alikiweka humo. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, walikiona Kikomoro kuwa lugha mbali, iliyo tanzu moja na Kiswahili, Kimijikenda, Kipokomo na Kielwana katika kundi la Sabaki. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Mtu wa Mombasa hutambua maneno mengi ya Moroni, lakini mfumo wa vitenzi humshinda, na mazungumzo ya wenyewe kwa wenyewe hayamwingii. Kilichowachanganya wataalamu wa zamani ni kwamba masultani wa Komoro waliandikiana barua kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, huku raia wao wakisema Kikomoro. Aliyesoma barua alidhani amesikia lugha ya watu. Katiba ya mwaka 2001 iliitaja Shikomori kuwa lugha ya taifa na moja ya lugha rasmi, pamoja na Kifaransa na Kiarabu.

Kutoka Moroni, barabara hupanda kaskazini kupitia Itsandra, penye ngome ya zamani na ufuo mweupe, halafu Hahaya, uliko uwanja wa ndege. Hapo mandhari hubadilika ghafula. Pande zote mbili ni lava iliyoganda, nyeusi, imepasuka-pasuka kama udongo wa kinamasi kilichokauka. Baina ya mawe huota nyasi na vichaka, na mbele kidogo minazi. Bahari hupiga moja kwa moja kwenye mwamba. Mchanga mweupe hupatikana mahali pachache tu, ambapo matumbawe yamepata nafasi ya kukua, na rangi hizo mbili zikikutana, nyeusi na nyeupe, macho huduwaa.

Ntsaweni ni mji mkongwe. Mapokeo husema kwamba Mtswa Mwindza wa mji huo alisafiri mpaka Uarabuni katika siku za mwanzo za Uislamu, akarudi na dini. Wanahistoria husita mbele ya tarehe hiyo, na kusita kwao kuna haki. Lakini biashara ya mbali si ngano: huko Dembeni, katika kisiwa cha Mayotte, wanaakiolojia wamechimbua vigae vya vyombo vya kigeni vya karne ya 9 na ya 10.

Mitsamiouli, kaskazini, ulikuwa ndio mji wa watalii, kwa sababu ya hoteli iliyoitwa Galawa. Galawa ni ngalawa, chombo chenye matengo ambacho wavuvi wa kisiwa hicho hukitumia hadi leo. Kwa vyombo vya namna hiyo, wakivua usiku kwa mshipi mrefu mahali ambapo kina cha bahari huanguka ghafula, wavuvi wa Komoro walikuwa wakimpata mara moja moja samaki waliyemwita gombesa. Wataalamu wa ulimwengu walimwona samaki wa jamii hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1938 huko Afrika Kusini, wakastaajabu, maana walidhani ametoweka tangu zama za dainosari. Walipompata wa pili, Desemba 1952, katika kisiwa cha Anjouan, wavuvi hawakuona cha kustaajabia: samaki alikuwa na jina, na nyama yake haikusifiwa. Mwili wa gombesa umehifadhiwa katika makumbusho ya Moroni.

Mbele ya ufuo huo wa Galawa, tarehe 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta ikaanguka baharini. Watu 175 walikuwamo, 125 walikufa. Wenyeji na wageni wa hoteli waliingia majini kuwaokoa waliobaki. Hoteli ilikuja kufungwa miaka michache baadaye, na utalii wa kisiwa haujapata tena nguvu ule uliokuwa nao.

Kupita ncha ya kaskazini, kwenye kijiji cha Ivoini, mwamba wenye meno-meno umejitokeza kuelekea baharini, na Wafaransa waliuita mgongo wa joka. Karibu na Bangwa Kuni kuna ziwa la maji ya chumvi ndani ya shimo la volkano, mita chache tu kutoka baharini. Ngano ya mahali hapo yasema ulikuwapo mji, Niamawi, ambao ardhi iliumeza. Ni hadithi ambayo ndugu zake wanapatikana kando ya maziwa mengi ya Afrika ya mashariki na ya kati. Pwani ya mashariki ni ya upweke zaidi. Chomoni ina ufuo mzuri, na Foumbouni, kusini, ina magofu ya ngome. Msafiri aliyechelewa apite upesi, asikose mwanga wa alasiri upande wa magharibi.

Singani ni mahali pa kushuka garini. Mwezi wa Aprili 1977 ubavu wa Karthala ulipasuka chini sana, si kileleni, na lava ikateremka juu ya kijiji hicho na kile cha jirani, Hetsa. Wakazi walihamishwa; nyumba zilizikwa. Kwa msomaji wa Goma mwaka huo hauhitaji maelezo: tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika, likaua watu njiani. Miezi mitatu tu, na milima miwili isiyojuana. Kwa Wangazija, mwaka 1977 ulikuwa umekwisha kuwa mzito kabla ya hapo. Desemba 1976 Wakomoro waliokuwa wakiishi Mahajanga, Madagaska, walishambuliwa na wengi kuuawa, na maelfu ya waliosalimika walirudishwa kwa ndege za kampuni ya Ubelgiji. Mpaka leo watu hao na watoto wao huitwa Wasabena. Jina ambalo mjini Kinshasa au Lubumbashi liliwakumbusha watu safari ya Bruseli, Moroni linamaanisha mkimbizi aliyerudi.

Watu wa Singani walirudi pia. Wamejenga juu ya lava na kando yake, kwa mawe ya lava ileile. Swali la mgeni, kwa nini hawakuhama, linafanana na lile ambalo wageni waliwauliza watu wa Goma baada ya 2002 na baada ya 2021, na jibu liko karibu lilelile: shamba liko hapa, kaburi liko hapa. Katika Ngazija kuna sababu ya ziada. Ardhi nyingi ya ukoo, iitwayo manyahuli, hupita kwa upande wa wanawake, kutoka kwa mama kwenda kwa binti, haigawanywi wala haiuzwi ovyo. Na mume ndiye ahamiaye katika nyumba ya mkewe. Mwanamke akiondoka kijijini, haachi kiwanja tu. Anakata uzi ambao nyanya zake walimkabidhi.

Tena hatari kubwa huenda si lava. Karthala ulipolipuka Novemba 2005, majivu yaliangukia vijiji vingi, yakaingia katika mabirika yale ya mvua. Kisiwa kisicho na mto kikakosa maji ya kunywa chini ya mvua. Kituo cha kuchunguza volkano kipo Moroni, na kazi yake hainyimwi sifa, lakini chombo cha kupima mtetemeko hakimpi mtu maji; mabirika yenye vifuniko yangefanya zaidi.

Jua linapokaribia kuzama, gari hufika Iconi. Juu ya mji kuna jabali ambalo, kwa mapokeo, wanawake wa mji walijitupa kutoka kwake mwaka 1805 wasichukuliwe utumwani na wavamizi waliotoka Madagaska. Chini yake kuna bangwe, uwanja wa mji, wenye mabenchi ya mawe. Hapa mgeni asikae popote apendapo. Mahali pa kukaa hutegemea daraja, na daraja hupatikana kwa ãda, harusi kuu, ambayo mwanamume huifanya pengine miaka mingi baada ya kuwa na mke na watoto. Aliyeitimiza ni mdru mdzima. Neno kwa neno ni «mtu mzima», lakini si habari ya umri: mzee wa miaka 60 ambaye hajafanya ãda bado huhesabiwa na vijana, mnamdji, mwana wa mji, na neno lake barazani ni jepesi. Gharama ni kubwa: dhahabu, ng'ombe, mchele, usiku wa twarab ulioigwa zamani kutoka Unguja. Wengi huiweka akiba kwa miaka wakifanya kazi Marseille. Rais Ali Soilihi alijaribu kuipiga marufuku. Alipouawa mwaka 1978, ãda ilirudi, na sasa hata wanaoilaumu huikopea. Wanaoilaumu wana hoja, maana fedha hizo zingejenga shule. Lakini barabara na misikiti mingi ya vijiji ilijengwa kwa michango ambayo desturi hiyohiyo iliwalazimisha watu kutoa, na serikali haikuwahi kukusanya kodi kwa bidii kama hiyo.

Adhana ya magharibi inapoadhiniwa, wazee wa Iconi huondoka kwenye mabenchi kwa utaratibu wao, wakubwa kwanza. Vijana husimama pembeni wakiwapisha, kisha nao huwafuata msikitini.