Kukatika, Kukatwa na Kuishiwa: Kauli za Kitenzi cha Kiswahili katika Kueleza Kazi za Setilaiti Kongwe ya Angahewa

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza eksirei zitokazo angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa siku hiyo ilikuwa kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, chombo hicho kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Lugha yetu basi ilipata jina angani zaidi ya nusu karne iliyopita. Hata hivyo, kukipa chombo jina ni jambo moja, na kueleza kazi kinayoifanya siku hadi siku ni jambo jingine. Makala haya yanashughulikia hilo la pili.

Chanzo chake ni tafsiri ambayo mwanafunzi mmoja wa uzamili alituletea tuisome. Ilihusu setilaiti ya Marekani ya kuchunguza angahewa ya juu, ijulikanayo kwa ufupisho wa UARS. Sentensi yake moja ilisema kuwa vyombo vya setilaiti hiyo “viliharibika kimoja baada ya kingine mpaka yenyewe ikafa mwaka 2005.” Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na msomaji yeyote angeielewa. Lakini karibu kila inachokidai si kweli. Mwanafunzi alijitetea kwa hoja tunayoisikia mara nyingi, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo ya namna hii. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba upungufu haukuwa wa istilahi. Tafsiri iliharibika katika uteuzi wa kauli za kitenzi, yaani katika sehemu ya lugha ambayo Kiswahili kina utajiri mkubwa.

2.0 Setilaiti Yenyewe

UARS ilipelekwa angani na chombo Discovery tarehe 12 Septemba 1991. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 6 na ilibeba vyombo 10 vya kupimia. Iliizunguka dunia katika kimo cha kilometa 585 hivi, ikimaliza mzunguko mmoja kwa muda wa dakika 97, yaani mizunguko 15 kwa siku. Kusudi kuu lilikuwa kuchunguza kemia ya tabaka la ozoni, pepo za angahewa ya juu, na nishati inayoingia kutoka kwenye jua. Ilipangiwa kufanya kazi kwa miaka 3. Ilifanya kazi kwa miaka 14.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa maisha ya ukongwe. Waongozaji wake katika kituo cha Goddard, jimbo la Maryland, walikuwa wakitunza mtambo uliopitiliza muda wake, na kazi zao za kila siku zilibadilika kadiri mtambo ulivyochakaa. Hapa chini tunaeleza kazi tatu kati ya hizo, kwa kuwa bila kuzielewa hatuwezi kupima usahihi wa vitenzi vinavyozieleza.

3.0 Kazi za Kila Siku

3.1 Kugeuza ubavu

Baadhi ya vyombo vya UARS vilihitaji baridi kali, na upande vilikofungwa haukupaswa kupigwa na jua. Lakini njia ya setilaiti ilikuwa ikihama polepole kulihusu jua, hivyo kwamba ubavu uliokuwa kivulini ungefika wakati ukaangaliwa na jua. Dawa yake ilikuwa kuigeuza setilaiti nyuzi 180, takriban kila baada ya siku 36, huku tumbo lake likiendelea kuielekea dunia.

Tumwiteje mgeuko huo? Mwanafunzi wetu aliandika “kupinduka.” Kwa mtu wa pwani, chombo kilichopinduka kimelala kifudifudi na watu wake wamo majini. Neno “kubisha” la mabaharia lina ukaribu zaidi, maana jahazi linalobisha hubadili upande unaopokea upepo. Lakini linabeba pia maana ya kusonga mbele dhidi ya upepo, ambayo hapa haipo. Tunapendekeza “kugeuza ubavu.” Maneno haya hayahitaji kufasiriwa, na yanataja kile hasa kinachobadilika.

Jambo hili linamhusu moja kwa moja mtumiaji wa takwimu. Chombo kilichotazama pembeni, kama vile MLS kilichopokea mawimbi ya redio ya gesi za angani, kilifika nyuzi 80 za latitudo upande mmoja wa ikweta na nyuzi 34 tu upande wa pili. Setilaiti ilipogeuza ubavu, pande hizo zilibadilishana. Asiyejua hivyo anaweza kuliona pengo katika takwimu za Aktiki akadhani ni jambo lililotokea angani.

3.2 Mgawo wa umeme

Setilaiti ilipata umeme kutoka bawa la paneli za jua, na betri ziliibeba kila ilipopita katika kivuli cha dunia. Mtambo wa kulizungusha bawa hilo lilifuate jua ulianza kusumbua mwaka 1992, na mwaka 1995 ukashindwa kazi, bawa likabaki katika mkao mmoja. Betri nazo zilichakaa. Ikawa kwamba katika vipindi ambapo jua lilikuwa katika pembe mbaya, umeme haukutosha kuendesha vyombo vyote kwa pamoja.

Waongozaji waliviwekea vyombo zamu. Kimoja kikiwashwa, kingine kilipumzishwa, kwa ratiba iliyoandaliwa mapema na kupelekwa juu kama amri. Sidhani kama kuna msomaji wa Kiswahili anayehitaji istilahi mpya ya hali hii. Tunaiita mgawo wa umeme, na wengi wetu tumeishi nayo.

3.3 Macheo na machweo

Chombo kiitwacho HALOE kilipima gesi kwa njia iliyo rahisi kuelezeka. Setilaiti ilipotoka katika kivuli cha dunia, kwake jua lilikuwa linachomoza. Ilipoingia kivulini, jua lilikuwa linazama. Katika nyakati hizo chombo kililitazama jua kupitia ukingo wa angahewa, kikapima kiasi cha mwanga kilichomezwa na kila gesi. Siku moja ya HALOE ilikuwa na macheo 15 na machweo 15.

Njia hiyo ilikuwa na faida kubwa kwa chombo kinachozeeka. Muda mfupi kabla au baada ya kutazama kupitia angahewa, HALOE kililitazama jua hilohilo bila kizuizi. Kipimo kilikuwa uwiano wa mitazamo hiyo miwili. Hata kama jicho la chombo lilififia kwa miaka, lilififia kwa mitazamo yote miwili, na uwiano ukabaki salama. Chombo SOLSTICE kilifuata busara inayofanana na hiyo: kilipima mionzi ya urujuanimno ya jua, kisha kikageukia nyota ang’avu zisizobadilika sana, ili kuchakaa kwake kusidhaniwe kuwa ni kubadilika kwa jua.

4.0 Miisho ya Vyombo na Kauli za Kitenzi

Sasa turudi kwenye sentensi ya mwanafunzi. Kitenzi “viliharibika” kilitumika kwa vyombo vyote. Tuangalie kila kimoja kilivyofikia mwisho wake:

(1) Chombo ISAMS kiliharibika Julai 1992.
(2) Chombo CLAES kiliishiwa baridi Mei 1993.
(3) Chombo MLS kilipofuka jicho moja Aprili 1993.
(4) Betri zilichakaa.
(5) Chombo HALOE kilizimwa Novemba 2005.

Katika (1) kauli ya kutendeka ni sahihi. Sehemu ya mashine ilishindwa kazi, hapakuwa na mtendaji, na tukio halikutarajiwa.

Katika (2) hapakuharibika kitu. CLAES kilipozwa kwa neoni na kaboni dioksidi zilizogandishwa, na barafu hiyo ilikuwa ikiyeyuka kuwa gesi tangu siku ya kwanza. Miezi 19 ya kazi ilikuwa kadiri ya akiba yake. Kitenzi “kuishiwa,” chenye kiambishi cha kutendea pamoja na cha kutendwa, kinamweka mwenye akiba kama kiima na kusema kwamba akiba yake imekwisha. Mtu aliyeishiwa unga hatusemi ameharibika.

Mfano wa (3) ni wa kukoma kwa sehemu. MLS kilikuwa na vipokezi vitatu. Kilichopotea ni kile kilichopima mvuke wa maji; ozoni na oksidi ya klorini viliendelea kupimwa kwa miaka mingine kadhaa, ingawa kwa zamu. Atakayeandika kuwa chombo “kiliharibika mwaka 1993” anaifuta kazi yote iliyofuata.

Katika (4) kitenzi “kuchakaa” kinaeleza mwendo wa polepole usio na mwisho mahususi. Betri zilizochakaa zilikuwa bado zinafanya kazi, na ndiyo sababu mgawo uliwezekana.

Mfano wa (5) ndio wenye uzito zaidi. Kauli ya kutendwa inaruhusu mtendaji kutajwa kwa “na,” ilhali kauli ya kutendeka hairuhusu. Linganisha (alama ya nyota inaonyesha tungo isiyokubalika):

(6a) Chombo kilizimwa na waongozaji.
(6b) *Chombo kilizimika na waongozaji.

Hata mtendaji asipotajwa, “kuzimwa” kunamhifadhia nafasi yake. Msomaji anajua kuwa kuna mtu aliyeamua. Tofauti hii haihitaji elimu ya chuo kikuu. Mpangaji akirudi nyumbani akute giza, atauliza: umeme umekatika au umekatwa? Akiambiwa umekatika, atawasha mshumaa na kusubiri. Akiambiwa umekatwa, atatafuta stakabadhi zake. Akiambiwa ni zamu yetu ya mgawo, atauliza utarudi saa ngapi. Giza ni lilelile, lakini kauli ya kitenzi inampa hatua tofauti ya kuchukua.

Kwa hakika HALOE kilizimwa kikiwa bado kinapima. Hata setilaiti yenyewe “haikufa.” Mwezi Desemba 2005 waongozaji walitumia mafuta yaliyobaki kuishusha katika njia ya chini, ili isikae angani kwa miaka mingi kama takataka, kisha wakaizima. Ilianguka katika Bahari ya Pasifiki tarehe 24 Septemba 2011.

5.0 Uzito wa Tofauti Hizi

Huenda msomaji akauliza kama hoja hii si ya wanaisimu peke yao. Tutoe mfano mmoja wa kinachoweza kupotea.

HALOE kilipima hidrojeni kloridi na hidrojeni floridi katika angahewa ya juu. Floridi hiyo haina chanzo cha asili chenye uzito katika tabaka lile. Kuwepo kwake kulithibitisha kwamba klorini inayoharibu ozoni inatoka katika kemikali zilizotengenezwa viwandani kwa ajili ya majokofu na makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulikusudia kupunguza kemikali hizo. Vipimo vya HALOE vilionyesha kuwa kloridi iliongezeka katika miaka ya mwanzo ya 1990, ikafikia kilele karibu mwaka 1997, kisha ikaacha kupanda. Ulimwengu ulikuwa umeahidiana jambo, na huo ukawa mmoja wa ushahidi kwamba ahadi imeanza kuonekana angani.

Ushahidi huo ulitolewa na chombo kilichokuwa kimekwisha kupita muda wake wa kazi. Kama kingezimwa mwaka 1994 kwa kuwa miaka 3 imetimia, kilele cha 1997 hakingekutwa nacho. Basi mtu anayesoma kwa Kiswahili kwamba vyombo vya setilaiti hiyo vilikuwa “vikiharibika kimoja baada ya kingine” ana haki ya kuuliza kwa nini aviamini vipimo vyake vya mwisho. Anayesoma kwamba betri zilichakaa, umeme ukagawanywa kwa zamu, na chombo kikazimwa kwa uamuzi kikiwa kizima, amepewa sababu ya kuviamini. Hatuoni kwamba tofauti hiyo ni ndogo.

6.0 Hitimisho

Kazi ya kuunda istilahi imefanywa kwa juhudi kubwa katika taasisi zetu, na kamusi kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia (1990) imetufaa sana. Hatudai kwamba imekamilika. Tunachosema ni kwamba istilahi nyingi ni nomino, ilhali kazi ya kila siku ya mtambo wowote hukaa katika vitenzi: kuwasha, kupumzisha, kugeuza, kuchakaa, kuishiwa, kuzimwa. Vitenzi hivyo tunavyo, na mfumo wa kauli unaovitofautisha tunao pia.

Kwa hiyo tunawashauri wanaofundisha tafsiri ya sayansi waanze na swali ambalo mpangaji aliyekuta giza hulijua tayari: nani, au nini, kimesababisha? Mfasiri asipoweza kujibu, asiende kwanza kwenye kamusi. Airudie habari yenyewe mpaka aelewe kilichotokea. Mwanafunzi wetu alifanya hivyo. Tafsiri yake ya pili haikuwa na istilahi mpya hata moja, na mwenzetu wa idara ya fizikia aliipitisha bila kugusa neno.